SARATANI YA UTUMBO MPANA: KUZALIWA, KUTAMBAA NA KULOWEA

Nia ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi saratani ya njia ya chakula inavyozaliwa ndani ya seli za mwili, jinsi inavyokua, na jinsi inavyohama mahali pake pa kwanza hata ikafika kwenye ini na mapafu. Mfano tulioutwaa ni saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa ni mojawapo ya saratani chache ambazo hatua zake zimefuatiliwa na wataalamu kwa utaratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Wala si maradhi haba: kwa makadirio ya mwaka 2022 watu karibu milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya puru, na zaidi ya 900,000 walikufa kwayo.

Yaweza kuulizwa: jambo hili ni la matabibu, lawahusu nini wachunguzi wa lugha? Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya maradhi haya humfikia mgonjwa kwa njia ya maneno. Hawezi kuona ndani ya utumbo wake, huambiwa. Na maneno anayoambiwa yakiwa yamechanganywa, hukosea katika mambo mawili yaliyo makubwa kuliko yote: wakati na asili. Hukosea wakati, akidhani maradhi yamemzukia ghafula, ilhali yalikuwa na miaka mingi ya kuzuilika. Hukosea asili, akidhani uvimbe ulioonekana kwenye ini ni maradhi ya pili, ilhali ni yale yale ya utumbo yaliyohama. Tutajaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenga mambo haya, na kwamba kazi iliyobaki ni kila neno kupewa mahali pake.

I. JINA LA MARADHI NA MAJINA YA VIUNGO

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani. Wayunani wa kale walimwita kaa karkinos, na Warumi wakamwita cancer, na katika lugha zote tatu jina la mnyama likawa jina la maradhi. Galen, tabibu wa karne ya 2, alitaja sababu: mishipa iliyotuna kuuzunguka uvimbe hufanana na miguu ya kaa. Ibn Sina naye, katika kitabu chake cha tiba cha mwanzoni mwa karne ya 11, aliyaeleza maradhi haya kwa jina hilo hilo la saratani. Basi saratani na kansa, maneno mawili ambayo baadhi ya watu huyadhani kuwa ni maradhi mawili, ni jina moja lililotufikia kwa njia mbili, moja ya Kiarabu na moja ya Kilatini kupitia Kiingereza.

Jina lenyewe halina ubaya, ila lina upungufu mmoja. Kaa hutoka nje. Na usemi wetu wa kawaida, kwamba maradhi yamemwingia mtu, huizidisha dhana hiyo. Malaria humwingia mtu kwa kuumwa na mbu, na kipindupindu humwingia kwa maji machafu. Lakini saratani haimwingii mtu namna hiyo. Hata pale ambapo kijidudu ndicho kichochezi, uvimbe wenyewe huwa ni seli za mgonjwa mwenyewe, zilizozaliwa na mwili wake, zilizoacha kutii. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuitibu, maana dawa iuayo seli hizo hukaribia sana kuua na zile zilizo tiifu.

Majina ya viungo yataka uangalifu zaidi. Neno tumbo katika Kiswahili lina upana mkubwa: ni sehemu yote ya mbele ya mwili chini ya kifua, ni mfuko upokeao chakula, tena ni mahali akaapo mtoto kabla ya kuzaliwa, ndiyo maana ndugu wa mama mmoja huitwa wa tumbo moja. Kwa hiyo asemaye “saratani ya tumbo” hajasema kitu kimoja. Katika makala haya tutatumia umio kwa njia itokayo kooni, tumbo la chakula kwa ule mfuko, utumbo mwembamba na utumbo mpana kwa matumbo yafuatayo, na puru kwa sehemu ya mwisho. Maneno yote haya ni ya siku nyingi, na hapana haja ya kukopa mengine.

Kuvitenga viungo hivi si ubishi wa maneno tu, kwani kila kimoja kina historia yake. Saratani ya umio huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kupita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Na mwaka 2016 jopo la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya digrii 65 yamkini husababisha saratani hiyo. Saratani ya tumbo la chakula kwa sehemu kubwa hutanguliwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, waliyemgundua Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ama saratani ya utumbo mpana, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba ilikuwa adimu kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya na Marekani, naye akadhani sababu ni chakula chenye makapi mengi. Tangu wakati huo imezidi katika miji ya Afrika, na kwa hiyo haja ya kuieleza kwa lugha ya watu imezidi pia.

II. UKUTA WA UTUMBO NA DESTURI YAKE

Kwanza yatupasa kusema neno juu ya seli. Vitabu vingine huandika chembe hai. Chembe ni neno letu zuri, lakini hutumika kwa mchanga, kwa nafaka na kwa kila kitu kidogo kisichokuwa na uhai. Ndiyo maana huhitaji kuongezewa hai. Tena chembe cha moyo ni mahali chini ya kifua, karibu kabisa na viungo tunavyovisimulia. Kwa hiyo tumechagua seli, neno la kukopa lisilo na maana nyingine ya mwilini.

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana si bapa. Una vishimo vingi sana, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo havionekani ila kwa darubini. Chini kabisa ya kila kishimo zipo seli chache zilizo mama wa nyingine zote. Kundi la Hans Clevers katika mji wa Utrecht, Uholanzi, lilizitambulisha mwaka 2007. Seli mama hugawanyika, na watoto wake hupanda ukutani mwa kishimo kidogo kidogo, wakibadilika kuwa seli za kunyonya maji au za kutoa ute. Wafikapo juu hufa, wakaanguka na kutoka pamoja na choo. Safari yote huchukua siku nne au tano hivi. Hivyo mtu hana utumbo ule ule alioumbwa nao: hujipyaisha kila wiki, maisha yake yote.

Desturi hii ni kinga, kwa kuwa seli iliyoharibika hufukuzwa kabla haijaleta madhara. Lakini pia ni hatari, kwa sababu kila mgawanyiko wataka kunakiliwa upya kwa maandishi yote ya urithi. Maandishi hayo, yaitwayo DNA, yana herufi zipatazo bilioni 3, na kila seli ina nakala mbili, moja iliyotoka kwa baba na moja iliyotoka kwa mama. Jeni ni mfano wa sura moja katika kitabu hicho, yenye maagizo ya kutengeneza protini fulani. Waliopata kulinganisha miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu watalielewa jambo hili upesi. Mnukuzi hata akiwa mwangalifu hukosea. Nukta moja ikizidi, fa husomeka kafu. Na mnukuzi ajaye baada yake hunakili kosa kama lilivyo, pengine akaongeza lake. Seli nayo hivyo hivyo: kosa lisiposahihishwa hurithiwa na kila kizazi kitokacho kwake. Makosa mengi hayana athari yoyote. Machache yanapoangukia sura fulani, ndipo saratani inapoanza.

III. HATUA NNE

Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walichapisha maelezo ya hatua hizo kwa saratani ya utumbo mpana. Walikuwa wamechunguza vinyama vidogo, vinyama vikubwa na saratani zilizokomaa, wakaona kwamba makosa ya jeni huongezeka kadiri uvimbe ukuavyo. Nasi tutazifuata kwa utaratibu huo, tukitumia neno kinyama kwa uvimbe mdogo unaoota ukutani mwa utumbo bila kuuvunja ukuta huo, kama watu wanavyosema vinyama vya puani.

Hatua ya kwanza huangukia jeni iitwayo APC, iliyogunduliwa mwaka 1991. Chini ya kishimo seli mama hupata ujumbe wa kuziambia ziendelee kugawanyika, na ndani ya seli ujumbe huo huchukuliwa na protini iitwayo beta-katenini, ambayo huingia katika kiini na kuziamsha jeni za ukuaji. Seli zipandapo juu hazipati ujumbe tena. Hapo protini ya APC, ikisaidiana na wenzake, huishika beta-katenini na kuitia alama ya kuvunjwavunjwa, nayo hutoweka. APC ikiharibika, beta-katenini haivunjwi. Hujaa, huingia kiinini, na seli iliyofika juu ya kishimo hujiona kama ingali chini. Badala ya kufa huendelea kugawanyika. Matokeo yake ni kinyama.

Kwa kuwa kila seli ina nakala mbili za APC, kwa kawaida sharti zote mbili ziharibike. Kanuni hii ya mapigo mawili ilielezwa na Alfred Knudson mwaka 1971, alipochunguza saratani ya jicho ya watoto. Nayo hufumbua siri ya koo fulani ambazo watu wake hupata vinyama mamia, hata maelfu, tangu ujana. Watu hao huzaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli, basi lahitajika pigo moja tu. Wasipotolewa utumbo mpana, karibu wote hupata saratani, wengi kabla ya kupita miaka 50. Lakini hata pasipokuwa na urithi wa namna hiyo, APC huwa imeharibika katika saratani nyingi mno za utumbo mpana, kama nane katika kila kumi.

Hatua ya pili mara nyingi huangukia jeni iitwayo KRAS. Protini yake ni mfano wa swichi ya taa: ujumbe wa kukua ukifika kutoka nje ya seli, huwaka, kisha hujizima yenyewe. Herufi moja ikibadilika katika mahali maalumu pa jeni hii, swichi hushindwa kujizima, na taa huwaka usiku na mchana. Hapa pigo moja latosha, kwani swichi moja iliyokwama katika kuwaka haizuiwi na mwenzake aliye mzima. Kosa la KRAS huonekana katika saratani nne hivi kati ya kumi za utumbo mpana. Kinyama chenye kosa hili hukua zaidi.

Hatua ya tatu ni kupotea kwa breki. Mwili hupeleka ujumbe wa kuziamuru seli za utumbo zipunguze mwendo, na mmoja wa wachukuzi wa ujumbe huo ndani ya seli ni protini ya jeni SMAD4. Mchukuzi akikosekana, amri ya kusimama haifiki.

Hatua ya nne ni ya jeni TP53, na protini yake, iitwayo p53, ilijulikana tangu mwaka 1979. Kwa miaka kumi ilidhaniwa kuwa ni mchochezi wa saratani. Mwaka 1989 ikathibitika kuwa ni mlinzi. Maandishi ya seli yakiharibika, p53 husimamisha unakili mpaka yatengenezwe, na yasipotengenezeka huiamuru seli ijiue. Mlinzi huyu akiondoka, seli yenye kitabu kilichochanika huendelea kuzaa. Zaidi ya nusu ya saratani za utumbo mpana zimempoteza.

Fearon na Vogelstein wenyewe walisisitiza kwamba jambo kubwa ni kulimbikizana kwa makosa kuliko mpangilio wake. Si kila uvimbe hufuata njia hii moja. Lakini la kushika ni kwamba safari toka kinyama kidogo hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi, na vinyama vilivyo vingi havifiki huko kabisa. Daktari atazamaye utumbo kwa mpira wenye taa na kamera huweza kukikata kinyama wakati huo huo. Na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba waliokatwa vinyama walipata saratani wachache kuliko ilivyotazamiwa. Kwa hiyo neno linaloitenga hatua hii lina thamani yake. Mtu akiambiwa ana uvimbe, na kwake uvimbe na saratani ni kitu kimoja, huenda akakimbia tiba nyepesi kwa kuogopa maradhi ambayo bado hanayo.

IV. MSAHIHISHAJI ANAPOKOSEKANA

Iko njia ya pili. Mwaka 1895 mwanamke mshonaji katika jimbo la Michigan, Marekani, alimwambia Aldred Warthin, mtaalamu wa maradhi, kwamba naye atakufa kwa saratani kama walivyokufa wengi wa jamaa zake. Ikawa hivyo. Warthin aliufuatilia ukoo ule, akachapisha habari zake mwaka 1913. Tangu miaka ya 1960 Henry Lynch alikusanya koo nyingine za namna hiyo, na maradhi haya ya kurithi sasa huitwa kwa jina lake. Sababu ilijulikana mwaka 1993 na 1994, zilipogunduliwa jeni ziitwazo MSH2 na MLH1.

Jeni hizo ni za usahihishaji. Kila seli inakilipo maandishi yake, protini zao hupita nyuma na kurekebisha herufi zilizokosewa. Zikikosekana, makosa hujaa, na hujaa hasa pale ambapo herufi zile zile hurudiwarudiwa. Hili pia si geni kwa wasomaji wa miswada: neno likirudiwa katika mistari iliyo karibu, jicho la mnukuzi huruka, ama akaacha sehemu, ama akaiandika mara mbili. Wapimaji huzitazama sehemu hizo za marudio ili kujua kama msahihishaji yupo au hayupo. Katika saratani za utumbo mpana, karibu 15 katika kila 100 ni za namna hii, na nyingi katika hizo hazikurithiwa, bali jeni MLH1 ilizimwa ndani ya utumbo mwenyewe.

Ajabu yake ni kwamba wingi wa makosa ndio udhaifu wa saratani hizi. Protini zilizopotoka ni nyingi mno hata askari wa mwili huzitambua kuwa si za kawaida. Saratani hujikinga kwa kuwapa askari ishara ya kuwatuliza. Dawa mpya huiziba ishara hiyo, na askari hushambulia. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu mojawapo ya dawa hizo itumiwe kwa saratani yoyote iliyokosa msahihishaji, iwe ya kiungo gani. Na mwaka 2022 ilichapishwa habari ya wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya puru ya namna hii, ambao wote uvimbe wao ulitoweka kwa dawa peke yake, bila kupasuliwa wala kupigwa mionzi.

V. KUTAMBAA, KUSAFIRI NA KULOWEA

Mpaka hapa tumesimulia ukuaji. Lakini kiuacho zaidi ni kuhama. Kwa jambo hili Kiswahili cha hospitalini hutumia sana neno moja, kuenea. Nalo ni neno la kitu kinachojaza mahali bila kuacha pengo, kama maji katika bonde au habari katika mji. Saratani haifanyi hivyo. Hufanya mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina neno lake.

La kwanza ni kutambaa. Seli za utumbo hushikana bega kwa bega kwa protini iitwayo kadherini-E, ambayo jina lake limeundwa kutokana na kalsiamu na kushikamana. Chini yao umetandikwa utando mwembamba unaowatenga na nyama ya ndani. Seli ya saratani hupunguza kadherini, ikaachana na majirani, ikabadili umbo na kuwa nyembamba yenye kujongea; kisha hutoa vimeng'enya vya kuukata utando. Hapo ndipo kinyama kinapokuwa saratani kwa maana kamili. Umuhimu wa kadherini ulidhihirika mwaka 1998 huko New Zealand. Ukoo mmoja wa Wamaori, uliofiwa na vijana wengi kwa saratani ya tumbo la chakula, uliwaendea watafiti kuwataka msaada, na kosa likaonekana katika jeni ya kadherini-E. Katika saratani hiyo seli hutambaa moja moja ndani ya ukuta wa tumbo, bila kufanya uvimbe wa kuonekana upesi. Neno kutambaa lafaa kwa sababu Waswahili hulitumia kwa mmea na kwa choa: hutoka mahali pake, lakini haliachi.

La pili ni kusafiri. Uvimbe ukuapo huhitaji hewa na chakula, nao huita mishipa mipya ya damu iuotee, kama alivyodokeza Judah Folkman mwaka 1971. Mishipa hiyo huwa mibovu, yenye kuvuja, na seli huingia ndani yake. Nyingine huingia katika mishipa ya limfu na kufika kwenye tezi zilizo karibu. Damu ya utumbo mpana kwanza hukusanywa na mshipa mkubwa uendao moja kwa moja kwenye ini. Ndiyo sababu ini ndilo kituo cha kwanza. Sehemu ya chini ya puru humwaga damu yake upande wa moyo bila kupitia ini, na kwa hiyo saratani ya puru hufika mapafuni mara nyingi zaidi. Safari yenyewe ni ya hatari, na seli nyingi mno hufa njiani.

La tatu ndilo zito, yaani kukaa na kustawi ugenini. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London, alitazama habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba maradhi hayakuangukia viungo kwa bahati nasibu. Akafananisha seli na mbegu, na kiungo na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota penye udongo ufaao tu. Wengine baadaye walishikilia kwamba njia ya damu yatosha kueleza yote. Leo twajua kwamba yote mawili yana kweli. Seli iliyofika kwenye ini yaweza kulala miaka bila kuzaa, kisha ikaamka. Na ili istawi sharti izigeuze seli za hapo ziitumikie, na ivute mishipa mipya ya damu.

Kwa jambo hili la tatu twapendekeza neno kulowea. Kulowea ni kuhamia nchi ya watu, ukakaa, ukazoea. Na mtu huyo huitwa mlowezi. Neno hili hubeba mambo ambayo kuenea hakuyabebi. Mlowezi ametoka mahali panapojulikana. Hukaa katika nchi nyingine, lakini asili yake haibadiliki kwa kukaa huko. Tena hutwaa ardhi na kuifanya imtumikie. Seli ya saratani ya utumbo iliyolowea kwenye ini ni vivyo hivyo: ikitazamwa kwa darubini ina sura ya seli ya utumbo, na makosa yake ya APC na KRAS ni yale yale ya uvimbe wa kwanza, pengine na mengine yaliyozidi. Kama vile mhariri wa miswada atambuavyo, kwa makosa waliyoshirikiana, kwamba nakala mbili zimetoka katika asili moja, ndivyo wataalamu wanavyotambua kwamba uvimbe wa ini ni mtoto wa uvimbe wa utumbo.

VI. MANENO NA TIBA

Tuchukue sasa sentensi mbili. Ya kwanza: “Una saratani ya utumbo, na sasa una saratani ya ini pia.” Ya pili: “Saratani yako ya utumbo imelowea kwenye ini.” Asikiaye ya kwanza huhesabu maradhi mawili. Huenda akatafuta kisa cha ini lake, au akamshuku aliyemtibu kwamba kisu ndicho kilicholeta la pili. Na akipewa dawa ya utumbo kwa ajili ya ini, huona amekosewa. Asikiaye ya pili huelewa kwamba maradhi ni moja, na kwamba dawa huchaguliwa kwa asili ya seli, si kwa mahali zilipokaa.

Hilo si jambo dogo katika tiba ya leo. Ziko dawa zinazozuia ujumbe wa kukua ulio nje ya seli. Lakini ilionekana mwaka 2008 kwamba hazimfai mgonjwa ambaye swichi yake ya KRAS imekwama, maana kuzuia ujumbe hakuizimi taa inayowaka yenyewe. Kwa hiyo seli za mgonjwa hupimwa kwanza jeni zake. Kadhalika, wako wagonjwa ambao uvimbe uliolowea kwenye ini huweza kukatwa, na baadhi yao wakapona kabisa. Ambapo saratani iliyozaliwa kwenye ini yenyewe ni maradhi mengine, yenye sababu nyingine na dawa nyingine. Mgonjwa aliyeelezwa vizuri aweza kuuliza maswali yaliyo sawa, na kukubali au kukataa kwa kujua.

Kwa kifupi, mapendekezo yetu ni haya. Kiungo kitajwe kwa jina lake: umio, tumbo la chakula, utumbo mpana, puru, na “saratani ya tumbo” isiachwe peke yake. Kinyama kiwe jina la uvimbe ambao haujauvunja utando, na saratani iwe jina la ule uliouvunja. Kutambaa kutumike kwa kuingia nyama iliyo jirani, kusafiri kwa kuchukuliwa na damu au limfu, na kulowea kwa kustawi katika kiungo cha mbali. Na mahali pa kwanza patajwe daima pamoja na mahali pa kulowea, ili jina la maradhi lisipotee njiani.

Neno kulowea laweza kupingwa kwa kuwa, katika historia ya nchi zetu, mlowezi ni jina lenye uchungu. Twaona uchungu huo hauliharibu, kwani maradhi yenyewe si ya kupendeza. Lakini wako wasomaji wanaozijua lahaja za pwani na za bara kuliko sisi, nao huenda wana neno lililo bora zaidi, ama katika kilimo, ama katika uvuvi, ama katika tiba za wazee. Kipimo cha kulichagua ni kimoja: je, mgonjwa asiyepata kusoma biolojia akilisikia, atajua kwamba kilichoko kwenye ini kimetoka utumboni?